Misalaba ya mukuba katikati ya maua

Wandugu watumikaji, ba mama, na ninyi vijana munaosoma ukurasa huu wa Kiswahili: leo hatutaongea juu ya mushahara wala convention collective. Tutaongea juu ya maua. Musicheke kwanza.

Mwenye kupita ku avenue za Panda, Shituru ao Kikula, akitupa jicho juu ya ukuta ya lupango za watu, ataona kama maua ya Likasi hayakae peke yake. Kuko tairi lililopinduliwa inje-ndani, limekatwa mudomo wake sawa jani, limepakwa rangi nyekundu. Kuko chupa za bia zilizozikwa kichwa chini, mustari moja, kuzunguka muti wa muembe. Kuko ndege wa nsinga za mukuba anayesimama juu ya kijiti mu chungu cha géranium. Na kuko croisette, ule musalaba wa Katanga wa zamani, umetengenezwa na simenti, unashikilia udongo wa bustani usikimbie na mvula.

Sisi wa sendika tunaandika juu ya kazi hii kwa sababu mbili. Ya kwanza: ni kazi, na inaleta bukari ku meza. Ya pili njo inatusumbua zaidi. Ku muji wetu, vitu vya kupamba bustani vinatoka mu udongo wa mine, mu mabaki ya viwanda, na pengine mu mashimo ambamo mutu hakupashwa kuingia. Jiwe zuri linaweza kuwa zuri tu. Linaweza pia kuwa jiwe lisilopashwa kulala karibu na mutoto. Mutu anayelipamba bustani yake apashwe kujua tofauti.

Mikono inayojua kazi

Likasi ni mutoto wa mukuba. Union Minière iliundwa mwaka 1906, muji wetu ukaitwa Jadotville mpaka 1966, na kuanzia 1928 kampuni ikataka mutumikaji akae ku kambi pamoja na bibi na watoto, asiwe mutu wa kuja na kurudi ku kijiji. Ba mama wakafundishwa ku foyer social kushona, kufuma, kupika, kupanga nyumba. Mafundisho ile ilikuwa na siasa yake: mutu mwenye nyumba safi na familia karibu hakimbie kazi. Lakini mikono ilijifunza, na mama akafundisha binti, binti akafundisha wake. (Nyumba safi haikuzuia mambo ya mwezi wa 12 mwaka 1941, wakati watumikaji wa Likasi na Lubumbashi waligoma juu ya mushahara na askari wakawapiga risasi. Tunaikumbusha kwa wale wanaofikiri kambi yenye maua ni kambi yenye haki.)

Kisha kukaja 2003. Kwa ule mupango wa départs volontaires uliolipiwa na Banque mondiale, watumikaji zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi. Kati yao kulikuwa ba soudeur, ba ajusteur, ba maçon, ba électricien, watu wa fonderie. Kazi iliisha, ujuzi ukabaki mu mikono. Mutu aliyetumika miaka 20 ku fonderie hahitaji kufundishwa ginsi muchanga unavyoshika umbo. Soudeur akiona fimbo ya chuma iliyopinda, anaona tayari shingo ya korongo. Ndiyo maana vitu vya bustani vya Likasi vinakuwa na unyoofu fulani: pembe ziko sawa, vipimo viko sawa. Ba mama wanaleta rangi na maua, ba muzee wanaleta vipimo, na wakigombana juu ya rangi, tunajua nani anashinda.

Musalaba

Tuanze na croisette, maana njo pambo letu kabisa. Ku Sanga, karibu na ziwa Kisale mu Upemba, wenye kutafuta mambo ya kale walichimba makaburi mwaka 1957 na 1958. Walikuta wafu wamezikwa pamoja na misalaba ya mukuba, ya miaka mia nyingi kabla muzungu hajafika. Walipopima, waliona kama misalaba ya mbele ilikuwa mikubwa, kisha ikawa midogo na ya kulingana, sawa franga. Watu walilipa nayo mali ya bibi, wakafanya nayo biashara. Kati ya 1960 na 1963, bendera ya Katanga ilibeba misalaba mitatu.

Wale wakubwa wetu waliotengeneza mukuba walijulikana kwa jina la « wakula mukuba », mangeurs de cuivre. Waliokota malakiti, lile jiwe la kijani, wakaliyeyusha na makala ndani ya tanuru iliyojengwa na udongo wa kichuguu, wakipuliza na mivukuto. Mukuba ulipokuwa maji, waliumwanga ndani ya umbo lililochimbwa mu muchanga. Hakuna machine. Muchanga, mukono na jicho.

Leo hakuna mutu mwenye akili atayeyusha mukuba juu ya kupamba maua: ni bei kali na ni hatari. Lakini umbo la muchanga linabaki lilelile, ila tunamwanga simenti. Tunaeleza ginsi wanavyofanya.

Chonga kwanza musalaba wa mbao, urefu sentimita 30, upana 20, unene 4. Kingo zake ziiname kidogo kwa kwenda chini, ili ukiuinua usivunje umbo. Jaza sanduku la mbao na muchanga munyevu, safi, uliochekechwa. Munyevu maana yake nini? Ukiukamata mu kiganja na kukaza, unabaki sawa donge. Ukiutupa juu, unavunjika. Maji ikitoka kati ya vidole, ni mingi. Gandamiza musalaba wa mbao mu muchanga, piga-piga kandokando, kisha uinue moja kwa moja, bila kutikisa. Hapo unachanganya simenti kipimo 1 na muchanga vipimo 3, maji kidogo kidogo mpaka iwe sawa uji muzito wa mutoto. Mwanga polepole ukianzia katikati. Ingiza vipande viwili vya nsinga ya chuma, kimoja kwa kila mukono wa musalaba. Bila ile, utavunjika siku mutoto ataukalia.

Funika na gunia lililoloweshwa. Usitoe mbele ya siku 2. Ukisha kutoa, endelea kuumwangia maji siku 7 mu kivuli. Hapa njo watu wengi wanaharibu: wanaanika musalaba ku jua ukauke mbio, na mwaka ujao unakuwa unga. Simenti haikauki sawa nguo. Inahitaji maji ili ikaze.

Hesabu kidogo kwa wanaopenda kuuzisha. Musalaba wa kipimo kile unapima karibu kilo 2 na nusu. Saki moja ya simenti ya kilo 50, pamoja na kilo 150 za muchanga, itatoa zaidi kidogo ya misalaba 80, tukiondoa ile inayovunjika. Kwa rangi, wengine wanapaka ya dukani. Wengine wanasaga matofali mekundu, wanapaka unga wake juu ya simenti ikingali mbichi, na musalaba unapata ile rangi ya mukuba uliotoka ku fonderie. Sisi tunapenda ya matofali, haitoke na mvula.

Na simenti hiyohiyo, ba mama wanatengeneza vyungu kwa kipande cha blanketi ya zamani. Unalowesha blanketi mu simenti iliyochanganywa na maji, unaiangusha juu ya ndoo iliyopinduliwa na kufunikwa plastiki, inashuka na mikunjo sawa kikwembe cha mama anayecheza. Siku 2, unatoa ndoo. Usisahau tundu la chini. Ila mujue mambo mawili. Simenti mbichi inakula ngozi, basi vaa gants ao funga mifuko ya plastiki ku mikono. Na chungu kipya cha simenti kinaunguza mizizi: ukijaze maji, umwage, ujaze tena, mara tatu ndani ya juma moja, kisha njo upande.

Muchanga utoke wapi? Si ku rejets za viwanda, hata kama iko karibu na inaonekana laini sana. Ile ni jiwe la mine lililosagwa, limebeba mukuba, kobalti na vitu vingine. Si mu mito inayopokea maji ya viwanda pia. Nunua wa mahali panapojulikana.

Nsinga

Mambo ya nsinga pia si ya leo. Ba Yeke wa Msiri, waliotoka upande wa Tanzania na kukaa Bunkeya, walijua kuvuta mukuba mpaka uwe nsinga nyembamba ya kufuma bangili. Vijana wa Likasi wanatumia nsinga za moteur zilizoungua na za kamba za umeme za nyumba. Wanafanya ndege, kereng'ende, mijusi ya kupanda ku ukuta, na ngazi ndogo ambazo muti wa kutambaa unashikilia mu chungu.

Nsinga ikikaza sana na kukataa kupinda, itie ku makala mpaka iwe nyekundu hafifu, kisha uitupe mu maji. Itakuwa laini. Chuma ukikifanya vile kinaweza kukaza zaidi; mukuba ni kinyume. Watu wa atelier wanajua, vijana wengi hawajui, wanapoteza pensi na vidole.

Lakini kuna tabia moja tunaikataa kabisa: kuchoma kamba ya umeme mu lupango ili plastiki iishe. Moshi ule mweusi ni sumu, na anayeuvuta kwanza ni mutoto aliyetumwa kulinda moto. Plastiki inakatwa na kisu, kwa urefu, unaivuta sawa ngozi ya ndizi. Inachukua saa moja zaidi. Iache ichukue.

Tena, nsinga itoke wapi? Kamba za umeme zinazoibiwa zinaacha quartier nzima mu giza, na siku moja zinaua mutu aliyezikata. Mwenye kununua nsinga nene, mupya, usiku, bila karatasi, asije ku sendika kulia wakati polisi itamukamata. Tutakuja kumuona, ndiyo, lakini tutamuambia hilihili.

Malakiti

Wenye kuchonga malakiti wanafanya sanduku, mayai, shanga, mamba, sahani ya kuweka majivu ya tumbaku. Mabaki yao, vipande visivyofaa kwa pambo la shingo, ndiyo vinaenda ku bustani. Ukivipanga juu ya simenti mbichi ya chungu, vinapendeza kuliko rangi yoyote. Malakiti si gumu, kisu kinalikwaruza. Ndiyo maana linachongwa vizuri, na ndiyo maana linatoa vumbi mingi.

Vumbi ile njo shida. Zaidi ya nusu ya uzito wa malakiti ni mukuba, na wenye kulikata kavu, na meule, mu kibanda kidogo chenye malata pande zote, wanavuta mukuba siku nzima. Pamoja na malakiti kuko mara nyingi jiwe jingine la mama yake, lenye silice, na ile vumbi inaleta silikozi, ugonjwa wa mapafu ambao wachimbaji wa chini ya ardhi wanaujua vizuri. Ku mine, tumegombana miaka mingi juu ya maji ku perforatrice, juu ya masque, juu ya hewa. Sasa yuleyule mutu aliyegombana na sisi anatoka ku kazi, anaenda ku kibanda cha ndugu yake, anakata jiwe kavu na kitambaa cha pua mu mufuko. Mapafu haijui kama uko ku kazi ao ku nyumba.

Maji inatosha kubadilisha mambo mingi. Tundika chupa iliyotobolewa juu ya meule, idondoke tone kwa tone. Vumbi inakuwa matope. Matope ile usiimwage mu bustani wala mu kisima. Ikusanye mu ndoo, iache ikauke, ifunge mu saki. Kitambaa cha kawaida hakizuii vumbi ndogo. Tafuta masque ya kazi, ile yenye kukaza ku pua. Na nguo za kuchonga zisifuliwe pamoja na za watoto.

Majiwe ya kuacha inje

Hapa tunaomba musome polepole, na musomee wasiojua kusoma.

Shinkolobwe iko karibu na sisi, kilomita kama 20 tu. Jiwe lake lilionekana mwaka 1915, kazi ikaanza 1921, kwanza juu ya radium. Wakati wa vita, tani zaidi ya 1,000 za jiwe lile zilipelekwa New York, na urani iliyotumika ku bomu la Hiroshima, tarehe 6 mwezi wa 8 mwaka 1945, sehemu kubwa ilitoka hapa kwetu. Mine ilifungwa 1960. Kuanzia miaka ya 1990 mwishoni, ba creuseurs waliingia kutafuta kobalti. Mwezi wa kwanza 2004, décret ya président ilifunga tena mahali pale. Mwezi wa saba mwaka uleule, shimo likaanguka na kuua watu 8. Kisha mission ya Umoja wa Mataifa ikaja kuangalia.

Mbona tunaingiza Shinkolobwe mu habari ya maua? Juu majiwe ya urani ni mazuri sana. Wenye kukusanya majiwe ulimwenguni kote wanayajua majiwe ya Shinkolobwe kwa rangi zao: ya njano sawa limau, ya machungwa, na ya kijani inayongʼaa. Na ya kijani, kwa jicho la mutu wa kawaida, inaweza kufanana na malakiti. Jiwe kama lile, likiwekwa juu ya simenti ya chungu ku mulango, ao mu sahani ku dirisha, litapendeza. Litatoa pia radiation muchana na usiku, bila harufu, bila joto, bila kuuma. Linatoa tena gaz inayoitwa radoni, ambayo inje inapotea na upepo lakini mu chumba kilichofungwa inakusanyika. Na likisagwa ao kukwaruzwa, vumbi yake inaingia mu mapafu na kubaki pale, ikitoa radiation yake ndani.

Hakuna mutu anaweza kulitambua kwa jicho, kwa ulimi, wala kwa kulipima mu mukono. Kuko machine ya kulipima, na mu nyumba zetu machine ile haiko. Basi kanuni yetu ni nyepesi: jiwe la njano, la machungwa, ao la kijani inayongʼaa, ambalo hujui limetoka shimo gani, halipambi kitu. Jeusi na zito kupita kiasi, vilevile. Na hata malakiti, nunua kwa mutu anayejua karieri yake. Muuzaji akisema tu « limetoka upande ule », muachie.

Watoto njo wanaleta majiwe ku nyumba, tunajua. Mutoto akileta jiwe la rangi, usimupige. Muulize amelitoa wapi, lichukue na mufuko wa plastiki, munawishe mikono, mueleze. Ukimupiga, kesho atalificha chini ya kitanda chake, na pale ni pabaya zaidi kuliko ku bustani.

Mwaka 2009, wachunguzi wa Université de Lubumbashi pamoja na wa Ubelgiji walitoa matokeo ya uchunguzi wao: walipima mukojo ya watu wanaoishi karibu na mine na viwanda vya Katanga, na wakakuta kobalti ya kiasi cha juu sana, zaidi kwa watoto. Watoto wale hawakuwa wote ba creuseurs. Walikuwa wanacheza mu vumbi, wanakula vidole. Vumbi ya kutosha inaingia tayari kwa mulango. Tusiiletee kwa mikono yetu pambo lingine.

Ua linalopenda mukuba na maua yasiyoupenda

Ba mama wanauliza: mbona maua yangu yanakufa, na mahali pengine yanastawi? Mara mingi ni mukuba. Muti unahitaji mukuba kidogo kabisa. Ukizidi, mizizi inakuwa mifupi na ya kahawia, majani yanakuwa njano wakati mishipa yake inabaki kijani, na kumwagilia zaidi hakusaidii kitu.

Mukitaka ushahidi, tazameni vilima vya mukuba vya kwetu: miti inakataa, kunabaki majani mafupi na maua madogo ya namna yake. Moja wenye elimu wanaliita Haumaniastrum katangense, fleur du cuivre, ua la mukuba, la rangi ya zambarau. Linavumilia udongo ambao unaua mengine, na wenye kutafuta mine walilifuata ili kujua mukuba uko wapi. Kuko lingine, Crotalaria cobalticola, linaitwa kwa jina la kobalti. Tunasikia furaha kidogo kuona ua lenye jina la mine yetu. Lakini rose ya mama wa Kikula si Haumaniastrum.

Kwa hivyo: malakiti na nsinga za mukuba zikae inje ya chungu, juu ya ukuta wake ao juu ya kijiti, si ndani ya udongo. Udongo wa uchachu unayeyusha mukuba mbio zaidi, na maji ya limau ao siki inayotumika kusafisha nsinga isimwagwe mu maua. Ukiona udongo wa lupango unauwa kila kitu, changanya chokaa kidogo na mboleo iliyooza vizuri. Chokaa inapunguza uchachu na kufunga mukuba, mboleo inaukamata. Chokaa si tatizo ku muji wenye Kakontwe. Ila tuko tunaongea maua. Lenga-lenga na sombe ni habari nyingine: muti unaweza kuonekana muzuri na kubeba metali mu majani, na juu yake kuko vumbi. Mboga ioshwe sana, na isipandwe mu udongo wa viwanda hata kama imetiwa chokaa.

Mapipa ya viwanda, yale ya acide ao ya dawa za concentrateur, hayafanyi chungu, hayafanyi tanki ya maji, hata yakioshwa mara kumi. Batterie za gari vilevile: ndani kuko plomb, na kuiyeyusha ku moto wa nyumba ili kufanya sanamu ni kuharibu akili ya mutoto, si mufano wa maneno. Tairi ni nzuri kwa maua, ila litobolewe chini, maji ikikaa inazaa mbu.

Franga

Kazi hii mingi inaangukia ku bei. Mama anatengeneza chungu siku tatu, anakiuzisha kwa bei ya simenti iliyoingia, na anaitikia kama amepata. Hakupata kitu: alilipwa simenti yake. Tunaomba kila mutu aandike mu kaye mambo matatu: vitu alivyonunua, saa alizotumika, vyungu vilivyovunjika. Kisha ajiulize saa yake moja ni bei gani. Kama ni chini ya ile bwana yake anapata ku kazi, na sisi tunagombana kila mwaka kusema ile ya bwana haitoshi, basi bei ipande.

Wanunuzi wako: ba hôtel, masomo, ma-paroisse, wenye kutunza makaburi ya wazazi wao, na makampuni yanayotaka maua ku mulango wa bureau. Hawa wa mwisho njo wanalipa polepole. Kundi moja la ba mama wanaofanya likelemba pamoja walipeleka vyungu 30 ku kampuni moja, wakangojea franga yao miezi minne, wakiambiwa kila juma kama mutu wa kusaini hayuko. Vyungu vilikuwa pale, na maua yalikuwa yamekwisha kumea.

Tangu siku ile, tunawaandikia karatasi ya commande, ukurasa moja: hesabu ya vyungu, vipimo, bei, siku ya kupeleka, nusu ya franga mbele ya kuanza, nusu siku ya kushusha ku gari. Sahihi mbili. Mwenye kutaka mufano wa karatasi ile, auulize kwa délégué wa kazi yake. Kila délégué yuko nayo, na haina bei.